Kutoka Sokoni hadi Chunguni: Gharama Halisi ya Kupika Mazao Mabichi Jijini Kigali

Ikisiri

Makala haya yanafafanua safari ya mboga, mikunde na matunda kutoka masoko ya Jiji la Kigali hadi kwenye chungu cha familia ya kipato cha chini. Hoja kuu ni kwamba bei inayotajwa kwenye kizimba cha muuzaji ni sehemu tu ya gharama ya mlo. Juu yake huongezwa mkaa, maji, muda na mwendo wa kufika sokoni, na nyongeza hizo ndizo mara nyingi huamua kama zao litapikwa au litaachwa. Makala yanaonesha kuwa wauzaji wa masokoni tayari wanapunguza nyongeza hizo kwa kutwanga kisamvu, kupukuchua njegere na kugawa mazao katika mafungu madogo, ingawa kazi hiyo haionekani sana katika mipango ya masoko na ya lishe. Yanahitimisha kwa kupendekeza kipimo cha gharama ya mlo uliopikwa, nafasi ya maandalizi ndani ya masoko, masoko madogo yaliyo karibu na makazi, na msamiati wa pamoja wa mazao katika Kinyarwanda na Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 1,745,555 katika Jiji la Kigali, miongoni mwa Wanyarwanda wapatao milioni 13.2. Jiji hilo, lenye wilaya tatu za Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge, limekua haraka tangu lilipokuwa makao makuu ya taifa huru mwaka 1962. Wengi wa wakazi wake hawana shamba la kutosha kuilisha kaya, hivyo chakula chao cha kila siku hupitia sokoni. Kwa sababu hiyo mjadala wa lishe mjini ni mjadala wa soko pia.

Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa Rwanda wa 2019–2020 ulionesha kuwa asilimia 33 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 38 katika utafiti wa 2014–2015. Kwa Jiji la Kigali kiwango kilikuwa asilimia 21, na kwa Mkoa wa Kaskazini asilimia 41. Tofauti hiyo inastahili kuzingatiwa, kwa kuwa Kaskazini ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya viazi, kabichi na karoti zinazouzwa Kigali. Udumavu una sababu nyingi, yakiwemo maradhi, usafi wa mazingira na afya ya mama. Hata hivyo, takwimu hizo zinatosha kubatilisha dhana moja iliyozoeleka, kwamba chakula kikiwa karibu kitaliwa. Anayelima anaweza kukiuza chote, na anayeishi jirani na soko anaweza kupita mbele ya mboga bila kuzinunua.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: baada ya zao kufika sokoni Kigali, ni mambo gani husimama kati yake na sahani? Majibu yanatafutwa katika hatua nne, ambazo ni kufika kwa mazao sokoni, namna yanavyopimwa na kuuzwa, maandalizi yanayofanyika kabla ya kupika, na upishi wenyewe. Baada ya hapo makala yanagusa suala la umbali wa soko na la lugha, kisha yanatoa mapendekezo.

2.0 Masoko ya Kigali na Njia za Mazao

Masoko ya chakula ya Kigali yana kazi tofauti. Eneo la Nyabugogo, penye kituo kikuu cha mabasi, limekuwa kwa muda mrefu lango la biashara ya jumla, kwa kuwa barabara zitokazo Kaskazini na Kusini hukutana huko kabla ya kupanda kuelekea katikati ya jiji. Soko la Kimironko, wilayani Gasabo, hujulikana zaidi kwa rejareja, na chini ya paa moja mteja hupata mboga, matunda, nafaka, samaki wakavu, vitenge na vikapu. Soko la Nyarugenge lipo ndani ya jengo la ghorofa katikati ya jiji, huku Kimisagara, Nyamirambo na maeneo mengine yakihudumiwa na masoko ya mtaa.

Kila zao lina njia yake. Viazi mviringo, ambavyo Wanyarwanda huviita ibirayi, hutoka hasa kwenye udongo wa volkano wa Musanze, Burera, Nyabihu na Rubavu. Ndizi za kupika hutoka kwa wingi katika Mkoa wa Mashariki. Muhogo hulimwa sana Kusini, hasa Ruhango, na katika nyanda za Bugesera. Ziwa Kivu huleta isambaza, samaki wadogo wa jamii ya dagaa ambao asili yao ni Ziwa Tanganyika na ambao walipandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mboga za majani, zinazonyauka upesi, hulimwa karibu zaidi, katika mabonde yenye maji na pembezoni mwa jiji.

Majira nayo yana sauti katika bei. Mvua za umuhindo huanza takriban Septemba na kuishia Desemba. Hufuatwa na kipindi kifupi cha ukavu kiitwacho urugaryi, kisha mvua ndefu za itumba kuanzia Machi hadi Mei, na hatimaye kiangazi kirefu cha impeshyi. Wakati wa impeshyi mboga hutegemea mabonde na umwagiliaji, mtindo ambao wataalamu wa kilimo nchini huuita Msimu C. Mpishi mwenye uzoefu huijua kalenda hiyo bila kuisoma. Njegere na maharage mabichi yanapojaa vizimbani huyapika mara kwa mara, na yanapoadimika hurudi kwenye maharage makavu.

Janga la UVIKO-19 lilidhihirisha jinsi mtandao huu ulivyo mwembamba. Mnamo Agosti 2020 serikali ilifunga kwa siku saba soko la Nyarugenge na soko la Kwa Mutangana, Nyabugogo, baada ya maambukizi kugunduliwa humo. Masoko yaliyofungwa yalikuwa mawili tu, lakini kwa kuwa moja lilikuwa kitovu cha jumla, wauzaji wa rejareja wa mitaa ya mbali walilazimika kutafuta njia nyingine za kupata mzigo. Dar es Salaam ilikumbana na tatizo linalofanana na hilo Julai 10, 2021, moto ulipounguza soko la Kariakoo. Jiji linalotegemea kitovu kimoja huhisi pengo lake siku hiyo hiyo, kwa sababu nyumba nyingi hazina jokofu na hazina akiba ya mboga ya siku ya pili.

3.0 Kilo, Fungu na Uhuru wa Kununua Kidogo

Ndani ya masoko ya Kigali kuna mifumo miwili ya kupima. Viazi, mchele, maharage makavu na unga hupimwa kwa mizani. Mboga za majani, nyanya, vitunguu, bilinganya, ngogwe na pilipili kwa kawaida hupangwa kwa mafungu, na mnunuzi hutajiwa bei ya fungu. Wataalamu wa vipimo hupendelea mfumo wa kwanza, na wana sababu. Tanzania imepambana kwa miaka mingi na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo kwa kushonewa kilemba juu, ambalo humpunja mkulima anayelipwa kwa idadi ya magunia badala ya uzito.

Hata hivyo, katika rejareja fungu hufanya kazi ambayo kilo haiwezi kuifanya. Mama mwenye sarafu chache mkononi hahitaji kilo ya nyanya. Anahitaji nyanya nne za mchuzi wa leo, na nyanya zikizidi hapo zitaoza. Fungu limepimwa kwa kipimo cha chungu. Muuzaji hulikadiria kwa kufikiria mlo wa familia, na bei ya soko inapopanda mara nyingi hupunguza ukubwa wa fungu badala ya kupandisha bei, ili mnunuzi wa sarafu ndogo asirudi mikono mitupu. Aidha, mnunuzi wa kawaida hutegemea nyongeza, tunda moja au kitunguu kimoja kinachotiwa juu ya fungu baada ya makubaliano. Nyongeza hiyo ndiyo malipo ya uaminifu wake.

Kuna upande wa pili. Kwa kuwa uzito wa fungu hubadilika bila tangazo, takwimu za bei zinazokusanywa kwa fungu zinaweza kuonesha utulivu wakati familia inakula kidogo zaidi. Mtafiti anayerekodi bei ya fungu la dodo pasipo kulipima uzito atakuwa amerekodi nusu ya habari. Hali kadhalika, mnunuzi wa kidogo kidogo mara nyingi hulipa zaidi kwa kila gramu kuliko mwenye gari anayebeba kilo kumi. Fungu linamwezesha maskini kununua na papo hapo linamtoza kwa umaskini wake. Sera nzuri haitalipiga marufuku. Itahakikisha kuwa mizani ipo karibu, inaonekana, na mnunuzi anaweza kuiomba.

Vifungashio navyo vimebadilika. Sheria ya mwaka 2008 ilikataza mifuko ya plastiki, na sheria ya mwaka 2019 ikapanua katazo hilo hadi plastiki nyingine zinazotumika mara moja. Tangu hapo mboga za Kigali hubebwa kwa mifuko ya karatasi, vikapu na mifuko ya nguo. Mafanikio hayo ya kimazingira yanafahamika sana. Lisilotajwa sana ni athari yake katika upishi: mboga iliyofungwa kwa karatasi hupumua lakini hukauka haraka, jambo linaloongeza sababu ya kununua na kupika siku moja.

4.0 Jiko Lililohamia Sokoni

Mgeni aingiapo Kimironko huona biashara. Akitazama zaidi ataona kazi ya jikoni. Wanawake hukaa kwenye vigoda wakipukuchua njegere, ambazo Wanyarwanda huziita amashaza, na maharage mabichi. Wengine huchambua majani, wakitenga machanga na makavu. Kisamvu huuzwa kikiwa kimekwisha kutwangwa kwenye kinu au kusagwa kwa mashine.

Kisamvu, ambacho Kinyarwanda na Kiswahili cha mashariki ya Kongo hukipa majina yanayokaribiana, isombe na sombe, ni mfano bora wa umuhimu wa kazi hiyo. Majani ya muhogo yana kemikali asilia zinazoweza kutoa sianidi. Yakitwangwa, chembe za jani hupasuka na vimeng’enya huanza kuzivunja kemikali hizo. Yakichemshwa kwa muda mrefu katika chungu kisichofunikwa, sianidi hutoka pamoja na mvuke. Kwa maneno mengine, kutwanga ni hatua ya usalama kabla ya kuwa hatua ya ladha. Baada ya kuchemka ndipo huongezwa vitunguu, ngogwe, pilipili hoho, mawese na karanga zilizosagwa, na mara nyingine dagaa au nyama. Mafuta na karanga hazinogeshi tu, kwa kuwa mwili hauwezi kufyonza vizuri karoteni ya majani, ambayo huigeuza kuwa vitamini A, pasipo mafuta.

Kutwanga nyumbani kunahitaji kinu, nafasi, nguvu na muda. Mpangaji wa chumba kimoja Kimisagara anayerudi kutoka kibaruani jioni huenda asiwe navyo. Muuzaji anayetwanga amemwuzia kisamvu pamoja na kazi ya saa nzima. Hali ni hiyo hiyo jijini Nairobi, ambako mama mboga hukatakata sukuma wiki mbele ya mteja jioni, na mteja huenda nayo moja kwa moja hadi sufuriani. Katika miji yote miwili wauzaji wametambua jambo ambalo mipango ya lishe huchelewa kulitambua: mpishi wa mjini ana uhaba wa muda kama alivyo na uhaba wa fedha.

Pana pingamizi la haki dhidi ya mtindo huu. Jani lililokatwa hupoteza vitamini C upesi kuliko jani zima, na mboga iliyotayarishwa kwa mikono au maji machafu huweza kueneza maradhi. Lakini pingamizi hilo linaelekeza kwenye bomba la maji, meza inayosafishika na mashine inayooshwa, wala si kwenye kuiondoa huduma. Soko likijengwa kwa vizimba vya kuuzia pekee, bila sehemu ya kuandalia, kazi haitakoma. Itafanyika sakafuni, penye usafi mdogo zaidi.

5.0 Moto, Maji na Muda

Hatua ya mwisho ndiyo yenye gharama iliyojificha zaidi. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwa takriban nyuzi 95 za Selisiasi badala ya 100. Tofauti hiyo ndogo hurefusha muda wa kuiva kwa vyakula vigumu, hususan maharage makavu, ambayo ni nguzo ya mlo wa Mnyarwanda na chanzo chake muhimu cha protini na madini ya chuma. Chungu cha maharage huweza kukaa motoni saa mbili, tatu au zaidi. Kwa anayenunua mkaa kwa kipimo kidogo kila siku, bei ya maharage na bei ya moto wa kuyaivisha ni vitu viwili tofauti, na bei ya pili haibandikwi popote.

Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi wa 2017–2024 ulilenga kupunguza kaya zinazopikia kuni kutoka asilimia 83.3 mwaka 2014 hadi asilimia 42 mwaka 2024. Mjini, mabadiliko hayo huelekea kwenye gesi na majiko yanayotumia mkaa kidogo. Faida yake kwa misitu na mapafu haina ubishi. Athari yake kwenye chungu inahitaji kufuatiliwa. Anayehamia kwenye gesi huanza kuhesabu dakika, na chakula cha kwanza kuonekana ghali ni kile kinachochemka muda mrefu. Isipokuwapo njia mbadala, nafasi ya maharage na kisamvu itachukuliwa na wali, tambi na chapati, vyakula vinavyoiva haraka lakini vyenye virutubishi pungufu.

Njia mbadala zipo, na nyingi hazihitaji teknolojia mpya. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji ya kulowekea hufupisha muda wa kuiva. Maharage mabichi yaliyopukuchuliwa sokoni huiva kwa sehemu ndogo ya muda wa makavu. Kununua maharage ya aina moja badala ya mchanganyiko husaidia pia, kwa kuwa katika mchanganyiko mpishi hulazimika kusubiri punje iliyo ngumu kuliko zote. Chungu kilichochemka kikifungwa ndani ya kapu lenye nguo nzito huendelea kupika bila moto. Mwisho, maharage yaliyokwisha kuchemshwa, yanayouzwa kwa kipimo katika baadhi ya mitaa, huwezesha moto mmoja mkubwa kuhudumia kaya nyingi.

Mboga laini zina kanuni kinyume na hiyo. Dodo, ambayo ni mchicha, huhitaji dakika chache tu. Ikipikwa kupita kiasi hupoteza rangi, umbo na sehemu kubwa ya vitamini C. Isogi, yaani mgagani, ina uchungu ambao wapishi huupunguza kwa kuichemsha kwanza. Desturi ya kupika dodo au umushogoro, yaani majani machanga ya maharage, pamoja na maharage yenyewe ina mantiki ya lishe ikiwa majani yataongezwa mwishoni. Chuma cha maharage hufyonzwa kwa shida, na vitamini C kutoka kwenye majani, nyanya mbichi au tunda la ikinyomoro lililoliwa pamoja na mlo hurahisisha ufyonzwaji huo. Chai kali inayonywewa pamoja na chakula huuzuia. Mafunzo haya ni mepesi na hayaongezi gharama. Yanahitaji tu msemaji anayeaminika, na muuzaji wa mboga huzungumza na mpishi mara nyingi zaidi kuliko mhudumu yeyote wa afya.

Suala la kuaminika linaonekana wazi katika maharage yenye chuma kingi, ambayo yamekuwa yakisambazwa kwa wakulima nchini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kiazi vitamu chenye karoteni hujitangaza kwa rangi yake ya chungwa, lakini punje ya maharage yenye chuma kingi haitofautiani kwa macho na punje ya kawaida. Ikimwagwa katika gunia la mchanganyiko, faida yake kwa mnunuzi wa mjini hupotea, kwa kuwa hawezi kuitambua wala kuichagua. Miaka ya kazi ya watafiti inaweza kupotea katika hatua ya mwisho kwa kukosa kibao kimoja kizimbani.

6.0 Umbali na Suala la Uchuuzi

Kigali imejengwa juu ya vilima. Soko lililo kilomita mbili kwenye ramani huweza kuwa safari ya kushuka bonde na kupanda mlima ukiwa na mzigo kichwani, au nauli ya pikipiki inayolingana na thamani ya mboga zenyewe. Ndiyo maana, kwa muda mrefu, sehemu ya mboga na matunda ya mitaani iliuzwa na wachuuzi wanaotembea na vikapu, wengi wao wanawake, ambao kwa Kinyarwanda huitwa abazunguzayi. Walifika mlangoni jioni, waliuza kwa fungu dogo zaidi, na mara nyingine walikopesha.

Jiji limekataza uchuuzi huo, na adhabu humhusu muuzaji pamoja na mnunuzi. Sababu zinazotolewa ni usafi, mpangilio wa jiji na ushindani usio wa haki kwa wafanyabiashara wanaolipia vizimba na kodi. Sababu hizo zina uzito. Mfanyabiashara wa Kimironko anayelipa ada kila mwezi ana haki ya kulalamika dhidi ya mwenzake anayeuza langoni bila kulipa chochote. Jiji nalo halikuishia kwenye katazo, kwa kuwa lilijenga masoko madogo ya kuwapokea waliokuwa wachuuzi na kuwapa unafuu wa mwanzo.

Tathmini ya masoko hayo madogo kwa kawaida huuliza ni vizimba vingapi vimejaa. Swali la lishe ni tofauti: je, yapo kwenye njia ambayo mfanyakazi hupita akirudi nyumbani, na je, yako wazi saa anayopita? Mchuuzi alimfuata mteja. Kizimba humsubiri. Kikiwekwa mbali na mapito, muuzaji atakosa wateja na kurudi barabarani, na mnunuzi atakosa mboga na kumalizia safari kwenye duka la mtaa, penye mchele, sukari na mafuta lakini penye nyanya chache zilizosinyaa. Hapo wote wawili, pamoja na jiji lenyewe, watakuwa wamepata hasara.

7.0 Lugha ya Mazao

Kiswahili kilikuwapo Kigali tangu siku zake za mwanzo. Jiji lilipoasisiwa mwaka 1907 chini ya utawala wa Wajerumani, wafanyabiashara na watumishi wazungumzao Kiswahili walikuwa miongoni mwa wakazi wake, na mitaa ya Biryogo na Nyamirambo imeendelea kubeba urithi huo. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na sheria ya mwaka 2017 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa.

Ulinganisho wa majina ya mazao unaonesha ukaribu na mitego pia. Ibishyimbo ni maharage, ibijumba ni viazi vitamu, ibihaza ni maboga, na intoryi ni ngogwe au nyanya chungu. Ndani ya Kiswahili chenyewe hali si shwari, kwani kiazi mviringo cha Tanzania huitwa mbatata Zanzibar na waru katika mazungumzo ya Nairobi. Mwongozo wa lishe ulioandikwa Nairobi au Dodoma hauwezi kuhamishiwa Kigali kwa kubadilisha jalada tu. Ukimwambia msomaji wa Kigali atumie sukuma wiki, umemtajia mboga isiyo ya kawaida yake huku dodo na isogi zikiwa mbele ya macho yake. Zipo sababu za kitaalamu, basi, za kuwa na orodha ya pamoja ya mazao ya kanda yenye jina la kisayansi, majina ya kila nchi, msimu na namna ya kupika. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na taasisi za kilimo na afya za nchi wanachama zina nafasi ya kuishughulikia kazi hiyo.

Maarifa ya soko na chungu yana thamani hata kwa wageni. Kituo cha Nyamirambo Women’s Center, kilichoanzishwa na wanawake 18 mwaka 2007, huwapa wageni ziara za mtaani na mafunzo ya kupika vyakula vya Kinyarwanda. Ikiwa mgeni hulipia maarifa hayo kwa hiari, ni ajabu kuwa kijana wa Kigali aliyehama kijijini kabla ya kujifunza kwa mama yake hana mahali rasmi pa kuyapata.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yameonesha kuwa zao likifika sokoni Kigali bado lina safari. Linapaswa kugawanywa kwa kiasi kinachonunulika, kuandaliwa, kubebwa kupanda kilima na kuivishwa kwa moto unaolipiwa. Katika kila hatua familia ya kipato cha chini hufanya hesabu, na mara nyingi jibu la hesabu hiyo huwa ni kuacha mboga. Mapendekezo manne yanafuata.

Kwanza, taasisi zinazofuatilia bei za vyakula ziongeze kipimo cha gharama ya mlo uliopikwa, kinachojumlisha uzito halisi wa fungu, nishati na nauli. Kipimo hicho kitaonesha, kwa mfano, kama kushuka kwa bei ya maharage kumefutwa na kupanda kwa bei ya mkaa.

Pili, michoro ya masoko mapya na ukarabati wa yaliyopo itenge sehemu ya maandalizi yenye maji safi, meza, mashine za kusagia kisamvu na, inapowezekana, majiko makubwa ya kuchemshia maharage. Wanaofanya kazi hiyo sasa watambuliwe kama watoa huduma, wapewe mafunzo ya usafi na lishe, na maharage yenye chuma kingi yauzwe yakiwa yametengwa na kutambulishwa.

Tatu, mahali na saa za masoko madogo zipangwe kwa kufuata mapito ya watu na mteremko wa vilima. Kipimo cha mafanikio kiwe ni dakika ambazo mkazi hutembea hadi kufikia mboga mbichi jioni.

Nne, orodha ya pamoja ya mazao na upishi iandaliwe katika Kinyarwanda na Kiswahili, kisha ipelekwe shuleni, kliniki na vizimbani.

Hakuna pendekezo kati ya haya linalodai kuanza upya. Muuzaji wa Kimironko anayetwanga kisamvu, kukigawa kwa mafungu na kumweleza mteja asifunike chungu tayari anatekeleza sehemu kubwa ya sera hii. Kilichobaki ni kumwekea bomba la maji, kumpa nafasi ya kufanyia kazi, na kuihesabu kazi yake pale takwimu za chakula cha jiji zinapoandikwa.